Anayepokea mswada naye afundishwe kazi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako limekuwa likiandika habari za makala za kisayansi zinazobatilishwa, na wasomaji wenzangu wameshatoa ya moyoni. Wapo waliowalaumu watafiti wenye uchu wa vyeo, wapo waliovilaumu vyuo vinavyopima ubora wa mhadhiri kwa wingi wa makala zake. Sibishani nao. Ila katika barua zote hizo sikuona hata mstari mmoja unaomtaja mtu anayekaa mlangoni, yule anayeupokea mswada kabla profesa yeyote hajauona. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nimekuwa msaidizi wa uhariri, kisha mhariri mtendaji wa jarida la kitaaluma, kwa jumla ya miaka 19, na naandika kueleza jambo moja: watu wa nafasi yetu hatufundishwi kazi. Tunapewa nywila, tunaonyeshwa foleni ya miswada inayosubiri, basi.

Kwa asiyeijua kazi hii, jarida lina mhariri mkuu, ambaye jina lake ndilo linalosomeka ukurasa wa mbele. Mara nyingi huyo ni mtafiti au mhadhiri mwenye kazi yake nyingine ya kutwa, na jarida analishika jioni na mwisho wa wiki. Wajumbe wa bodi ya wahariri nao ni hivyo hivyo. Anayeshinda na jarida ni msaidizi. Ndiye anayefungua mswada ulioingia na kutazama kama majina ya waandishi yameondolewa, kama michoro imo yote, kama kibali cha kamati ya maadili kimetajwa, kama kila chanzo kilichonukuliwa ndani kimo kwenye orodha ya marejeo. Ndiye anayewaandikia wahakiki, wale wataalamu wanaoombwa kuusoma mswada na kuupima, akawakumbusha, akawakumbusha tena. Ndiye anayempelekea mwandishi prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na kurudisha masahihisho kwa mpanga kurasa. Uamuzi ni wa mhariri mkuu, lakini anaamua juu ya kile alichowekewa mezani, na anayekiweka ni msaidizi.

Na kazi yenyewe ni ya heshima tangu zamani. Mwaka 1665 Henry Oldenburg alipoanza kutoa Philosophical Transactions kule London, alikuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko. Alikuwa mtu wa barua: anapokea, anatafsiri, anajibu, anampelekea huyu andiko la yule amuulize anasemaje. Jarida la sayansi lilizaliwa juu ya meza ya katibu. Nalitaja hili kwa sababu nimechoka kusikia kazi yetu ikiitwa "ya ofisini tu".

Sasa nieleze lililonikuta.

Ulikuwa mwaka wangu wa nane kazini. Mfumo wa jarida letu ulimruhusu mwandishi kupendekeza wahakiki, kama yafanyavyo majarida mengi. Uliingia mswada ambao mwandishi wake alipendekeza watu watatu, kila mmoja na cheo chake, chuo chake na anwani yake ya barua pepe. Uwanja wenyewe ulikuwa mwembamba, wataalamu wake ni wa kuhesabu kwa vidole, na wahakiki wetu wa kawaida walikuwa wameshajibu kwamba hawana nafasi. Nikachukua wawili katika wale watatu. Wa kwanza alirudisha ripoti kesho yake asubuhi. Wa pili akarudisha jioni ya siku hiyo hiyo. Aliyewahi kusubiri ripoti ya mhakiki miezi mitatu ataelewa furaha niliyokuwa nayo. Ripoti zilikuwa fupi, za adabu, zikiomba marekebisho madogo matatu. Mhariri mkuu akazisoma, akaridhika, makala ikatoka.

Baada ya miezi minane msomaji mmoja akatuandikia kwamba mchoro wa pili wa makala ile ulikwisha kuchapishwa kwingine, kwa majina mengine na maelezo mengine. Nikalifungua tena faili. Safari hii nikaziweka ripoti mbili ubavu kwa ubavu kwenye skrini. Zote mbili ziliacha nafasi mbili baada ya kila nukta. Zote ziliandika neno lile lile kwa kosa lile lile, herufi moja imezidi katikati. Marekebisho waliyoomba yalifuatana kwa mpangilio ule ule. Anwani zote mbili hazikuwa za chuo chochote. Zilikuwa za huduma ya bure ambayo mtu anaweza kujifungulia kwa dakika mbili, na moja ilikuwa na jina la mtaalamu wa kweli lililopungua herufi. Nikamwandikia mtaalamu huyo kwa anwani niliyoikuta kwenye tovuti ya chuo chake. Alijibu kwa upole kwamba hajawahi kulisikia jarida letu.

Ndugu Mhariri, kila kitu kilikuwa mezani kwangu tangu siku ya kwanza. Anwani ilikuwepo, ile haraka ilikuwepo, zile nafasi mbili baada ya nukta zilikuwepo. Niliviona vyote bila kujua kwamba ni vya kuangaliwa. Liliniumiza sana, kwa sababu makala ile ilikuwa imeshanukuliwa na watu waaminifu, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi aliyejenga sura nzima ya tasnifu yake juu ya mchoro ule. Yeye ndiye aliyelipa kwa nilichokuwa sijafundishwa.

Kumbe hila ile ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba mtafiti mmoja wa Korea Kusini alikuwa akijihakiki mwenyewe kwa anwani za kubuni, na kilichomtia mhariri shaka ni ripoti kurudi ndani ya saa 24. Mwaka 2014 kampuni ya uchapishaji ya SAGE ilibatilisha makala 60 za jarida moja, Journal of Vibration and Control, baada ya kugundua mtandao wa akaunti za uongo za wahakiki. Mwaka uliofuata mchapishaji mwingine, BioMed Central, naye akabatilisha 43. Laiti mtu angenikalisha chini nusu saa na kunisomea kile kisa cha kwanza tu, nisingefurahia ripoti ya kesho yake asubuhi. Ningeishtukia.

Nikaambiwa niandike tangazo la kubatilisha makala. Sikuwahi kuandika tangazo la namna hiyo maishani mwangu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema makala "imeondolewa kwa sababu za kiufundi", maana niliuonea aibu ukweli na nilidhani nalilinda jarida. Usiku ule nikitafuta wenzangu wanafanyaje nikaingia kwenye miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1997 na wahariri wachache wa majarida ya tiba nchini Uingereza. Humo nikakuta michoro ya hatua kwa hatua: ukishuku mhakiki wa uongo, anza hapa, mwandishi asipojibu, nenda hapa, akijibu bila kuridhisha, nenda kule, andikia chuo chake. Nikakuta pia kwamba tangazo linapaswa kusema nani anaibatilisha makala na kwa sababu gani, liunganishwe na makala yenyewe, na lisomwe na yeyote bila kulipia. Makala haifichwi, inabaki mahali pake ikiwa na alama kubwa ya kuonya. Yote hayo yalikuwa wazi kwenye intaneti, bure. Nilikuwa na miaka minane kazini.

Ndiyo maana nasema mafunzo. Na nikisema mafunzo sina maana ya ile semina ya siku moja ambapo mtaalamu mgeni anapitisha slaidi themanini, watu wanapiga picha ya pamoja, kila mtu anaondoka na cheti. Ninavyo vyeti vinne vya namna hiyo. Sikumbuki kitu kimoja kutoka semina hizo ambacho nilikifanya kesho yake nikiwa mezani. Huzungumziwa historia ya uchapishaji, umuhimu wa maadili, na changamoto. Mswada wenyewe haufunguliwi.

Aliyenifundisha kweli ni mhariri mkuu wa jarida jingine, mzee aliyekuwa amekaribia kustaafu, niliyemwendea baada ya msiba ule wa makala. Alinipa saa moja kila Alhamisi kwa miezi mitano. Alikuja na faili la kesi iliyokwisha kufungwa, majina yamefutwa, na ukurasa wa mwisho wenye uamuzi ameukunja. Nilisoma barua moja moja kwa mpangilio wa tarehe, naye ananiuliza: "Hapa ungefanya nini?" Nikijibu, ananiuliza ningemwandikia nani, na kwa maneno gani. Ndipo tunakunjua ukurasa. Mara nyingi nilikuwa nimekosea, na kukosea mbele ya mtu mmoja kwenye faili lililofungwa hakumdhuru yeyote. Alinifundisha na mambo madogo ambayo hayamo kwenye slaidi yoyote. Kwa mfano, mwandishi akifuta jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, jina hilo bado limo ndani ya faili, kwenye sifa za hati, na mhakiki akibofya mara mbili analiona. Nilikuwa nimeshatuma mamia ya miswada "isiyo na majina" ikiwa na majina.

Kuna wanaosema mtu wa ofisini hawezi kufundishwa kugundua kasoro za kisayansi, hiyo ni kazi ya wataalamu. Nawaomba wajaribu hesabu hii. Tuseme makala inasema watu 20 walijibu swali kwa kuchagua namba nzima kati ya 1 na 7, na wastani wa majibu ni 3.47. Zidisha 3.47 kwa 20. Unapata 69.4. Lakini jumla ya namba nzima lazima iwe namba nzima. Jumla ikiwa 69, wastani ni 3.45, ikiwa 70, wastani ni 3.50. Hakuna namna yoyote watu 20 wakapata 3.47. Kipimo hiki kinaitwa GRIM, na walioeneza matumizi yake ni watafiti wawili, Nick Brown na James Heathers. Kina mipaka yake: kinahitaji majibu ya namba nzima na kundi dogo, maana watu wakifika mia na zaidi, wastani wa desimali mbili hauwezi tena kukufichulia kitu. Na kukosea hapo si ushahidi wa udanganyifu, pengine watu watatu waliruka swali na mwandishi akasahau kusema. Ila ni swali la haki la kumuuliza mwandishi kabla mswada haujaenda kwa mhakiki. Nimewafundisha wasaidizi wawili kipimo hiki kwa mazungumzo ya nusu saa. Mmoja alisomea ukutubi, mwingine lugha. Wote wanakitumia.

Macho nayo yanafundishika. Mtaalamu wa mikrobiolojia Elisabeth Bik na wenzake wawili walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kukagua makala 20,621 kutoka majarida 40. Karibu 4 katika kila 100 zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyostahili, na picha hizo Bik alizigundua kwa kuzitazama kwa macho. Siku hizi zipo programu za kusaidia, lakini programu inakuonyesha mahali palipofanana tu. Kuamua kama pamefanana kwa makosa, kwa bahati au kwa makusudi kunataka mtu aliyezoezwa.

Kuna na vitu ambavyo mtu akishaambiwa mara moja hatasahau. Majedwali ya Excel kwa mfano hugeuza majina ya baadhi ya jeni kuwa tarehe: jeni lililoandikwa SEPT2 linageuka kuwa tarehe 2 Septemba. Kosa hilo lilienea sana hata mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayopanga majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadili majina yenyewe. Msaidizi anayelijua hili akikuta tarehe katikati ya orodha ya jeni anamwandikia mwandishi siku ile ile, na kosa linaishia hapo. Au yale maneno ya kigeugeu ambayo mtafiti wa sayansi ya kompyuta Guillaume Cabanac na wenzake waliyaweka hadharani mwaka 2021: mtu ameiba aya, akaipitisha kwenye programu ya kubadilisha maneno ili ripoti ya mfanano, ile inayoonyesha maandishi yanayolingana na yaliyokwisha kuchapishwa, isimkamate, basi "akili mnemba" inatoka kama "fahamu ya kughushi", na "saratani ya matiti" inatoka kama "hatari ya kifuani". Ripoti ya mfanano itasema mswada ni safi. Anayeusoma kwa makini atashangaa.

Yapo mengine yasiyo ya kiufundi kabisa, na kwangu ni mazito zaidi. Siku moja mjumbe wa bodi alinipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, nani anahakiki mswada fulani. Ulikuwa wa mwanafunzi wake. Nikamtajia majina. Yeye alikuwa mkubwa, mimi nilikuwa msaidizi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ninayo ruhusa ya kukataa. Msaidizi anahitaji kufundishwa sentensi ya kusema mahali hapo, na kuonyeshwa mtu wa kumwendea baada ya kuisema. Bila hivyo mnamwachia mtu mdogo kuilinda siri ya uhakiki mbele ya wakubwa, na siku akishindwa analaumiwa peke yake.

Na barua za kukataa. Hapa nitakaa kidogo, Mhariri, kwa sababu ndipo jarida linapokutana na watu wengi kuliko mahali pengine popote. Jarida lenye kuchagua hukataa miswada mingi kuliko inayokubali, kwa hiyo watu wengi watakaotufahamu watatufahamu kwa barua ya kukataa. Kwa miaka mingi niliituma ileile niliyoikuta kwenye mfumo: tunasikitika kukufahamisha, tunapokea miswada mingi, tunakutakia mafanikio kwingine. Mara moja niliituma baada ya mswada kukaa kwetu miezi mitano. Mwandishi akanijibu kwa mstari mmoja. Hakulalamika. Aliuliza kama kuna mtu aliyeusoma.

Ulikuwa umesomwa. Wahakiki wawili waliusoma vizuri, mmoja aliandika kurasa tatu. Ripoti zao sikuziambatisha kwa sababu mfumo ulitaka nibofye kisanduku na mimi sikujua kisanduku kile kinafanya nini. Nilimtumia siku ile ile nikaomba radhi. Tangu hapo naandika hivi: sentensi ya kwanza inasema uamuzi, bila kuzunguka. Ya pili inasema sababu iliyouamua. Kisha natenganisha maoni ya wahakiki ambayo yangefaa kushughulikiwa popote mswada utakapopelekwa na yale yanayohusu jarida letu peke yake. Barua inazidi kwa dakika kumi. Waandishi vijana wawili walioandikiwa hivyo walirudi kwetu baadaye na kazi nyingine, nzuri zaidi, na mmoja sasa anatuhakikia.

Najua jibu nitakalopewa: fedha hakuna, majarida mengi yanaendeshwa kwa kujitolea. Ni kweli, na sisi tumo humo. Lakini mafunzo yenyewe kwa sehemu kubwa yapo bure. Miongozo ya COPE iko wazi, pamoja na kesi zilizojadiliwa bila majina. Mapendekezo ya ICMJE, yaliyotokana na kikundi cha wahariri wa majarida ya tiba kilichokutana Vancouver mwaka 1978, yako wazi pia, na yanaeleza nani anastahili kuitwa mwandishi na nani wa kushukuriwa tu, ugomvi ambao msaidizi huukuta kwenye barua pepe zake karibu kila mwezi. Watengenezaji wa Open Journal Systems, programu ya bure inayotumiwa na maelfu ya majarida, wana kozi za bure za kujisomea. Vipo hata vyama vya fani yetu: kile cha wahariri wa sayansi wa Ulaya, EASE, kilianzishwa mwaka 1982.

Kinachokosekana ni saa. Hakuna mwenye jarida aliyewahi kuniambia: kila Jumatano kuanzia saa nne mpaka saa sita usijibu barua pepe, soma kesi. Nilisoma usiku, nyumbani, baada ya watoto kulala, na sidhani kama kazi inayobeba sifa ya chuo kizima ijifunzwe hivyo. Saa mbili kwa wiki, zilizoandikwa kwenye mkataba, zingetosha kwa kuanzia. Sitaki zaidi. Na pale wasaidizi wanapobadilika kila mwaka, kama ilivyo kwa wengi wetu, lazima kuwe na daftari la makabidhiano linaloeleza kila hatua na kila kisanduku cha mfumo, likiandikwa na anayeondoka akiwa bado yupo, maana akishakwenda ameondoka nayo yote kichwani.

Akili mnemba imeongeza uharaka. Miswada inaingia mingi, lugha yake imenyooka, marejeo yake mengine hayapo duniani. COPE na ICMJE walishasema mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Sawa. Lakini nani amemwambia msaidizi kwamba naye asiuchukue mswada wa siri wa mtu akaubandika kwenye programu hizo ili aufanyie muhtasari? Nimekuta mmoja akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, akidhani anamwokolea mhariri mkuu muda. Sikumgombeza. Ningemgombezaje kwa kanuni ambayo hakuna aliyempa?

Basi ombi langu kwa wenye majarida, vyuo na vyama vya kitaaluma wanaolisoma gazeti hili ni dogo. Mnapotangaza kwamba jarida lenu linahakiki kwa ukali, tajeni pia nani anaiendesha kazi hiyo siku hadi siku na amefundishwa nini. Wekeni majina ya wasaidizi wenu kwenye ukurasa wa bodi, nao wajue kwamba kazi yao inaonekana. Na kwako, Mhariri, siku mwandishi wako atakapoandika tena juu ya makala iliyobatilishwa, amuulize mhariri mkuu swali moja la ziada: aliyeupokea mswada huu, nani alimfundisha?

Jumatatu ijayo anaanza kazi msaidizi mpya kwetu. Wiki hii nimechapa zile ripoti mbili za mwaka wangu wa nane, majina nimeyafunika kwa wino, nami nimeandika tarehe ziliporudi pembeni. Sitampa nywila siku hiyo. Nitaziweka mbele yake ubavu kwa ubavu, nimpe kalamu, nimwombe azungushie chochote kitakachomshtua, nami nikae kimya mpaka amalize.

Wako katika kazi,
Mhariri mtendaji wa jarida la kitaaluma
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)